Matundu ya Kofia za Shaba

Kola ya bawabu wa jengo letu siku hizi ni ya kahawia, na ukingoni ina uzi wa manjano uliofumuka upande wa kushoto. Niliiangalia Ijumaa ile ya mwisho nikitoka na kipande cha keki mlichonifungia. Nawaandikia nyinyi mliobaki ghorofa ya nne, na najua yuko mmoja wenu atakayeshuka ngazi kwenda kuhakikisha. Huyo ndiye apewe meza yangu.

Mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Ni kazi ngumu kuieleza kwa watu wasioijua. Kanisani kwetu Woodley nimesema miaka yote hii kwamba nafanya mambo ya ofisi huko mjini. Mara moja tu nilijaribu kusema ukweli, kwamba nachunguza bendera na sare za askari wa miguu wa Urusi ya zamani, ili askari wa bati wasiozidi urefu wa kidole gumba wapakwe rangi zao sahihi, na kwamba kuna watu wazima ng'ambo wanaowapanga juu ya meza na kupigana upya vita vilivyokwisha kabla babu zao hawajazaliwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alinishika mkono na kuniahidi kuniweka katika maombi.

Sikuanza kwa kupenda askari. Nilitoka Kakamega kuja Nairobi na cheti cha kupiga taipu, nikafikia kwa shangazi yangu kwenye nyumba za baraza la jiji pale Woodley, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kumwagilia sukuma wiki zake. Ndipo mtu wa kanisani akasema kuna karakana mjini inayotafuta msichana wa kupanga karatasi. Nilidhani ni karakana ya magari. Nikavaa sketi nyeusi ili oili isionekane.

Karakana ilikuwa vyumba vitatu kama ilivyo leo. Lifti ilikuwa haifanyi kazi, na hapo pia hakuna kilichobadilika. Chumba cha kwanza kilikuwa cha watu wa tupa, waliopokea askari wakiwa wametoka tu kwenye kalibu, wakawalainisha kwa tupa na msasa na kuziba kwa fila kila kitundu kilichoachwa na hewa wakati bati lilipomiminwa. Cha pili kilikuwa cha watu wa rangi. Cha tatu, chenye dirisha, kilikuwa cha karatasi, na ndani yake alikaa Mzee Kariuki peke yake na makabati sita.

Mzee Kariuki alikuwa ameshona sare za bendi za shule na za mabawabu kwa miaka mingi, mpaka mgongo ulipokataa cherehani. Bosi alimchukua kwa sababu, alivyosema mwenyewe, vitabu vinaweza kununuliwa lakini mtu anayejua nguo hanunuliki. Bosi mnamjua. Atayasoma haya, kwa hiyo niseme mapema kwamba ni mtu mwema, ila hasira zake ziko karibu na mlango.

Mzee hakutaka kuona cheti changu. Aliniuliza bawabu niliyempita pale chini ana kola ya rangi gani. Nikajibu buluu. Akaniambia nishuke nikaangalie. Ghorofa nne kushuka, nne kupanda: ilikuwa nyekundu iliyoiva, karibu na rangi ya ini. Nikarudi nikihema. Akauliza juu ya vifungo. Nikashuka tena. Mara ya tatu, aliponituma kuangalia mkanda wa begani, bawabu aliniuliza kama nimepotea, nikamwambia niko kazini.

"Mlisalimiana na haukumuona," Mzee aliniambia niliporudi. "Sasa utamuona aje mtu mwenye alikufa huko Urusi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Kanuni yake ilikuwa moja, maneno mawili tu, na aliitumia kwa kila mtu, hata kwa bosi: umeona wapi? Ukimwambia kikosi fulani kilikuwa na mikono yenye ukingo mwekundu, atakuuliza umeona wapi. Ukimwonyesha kitabu, atakuuliza mwandishi wa kitabu aliona wapi. Mara nyingi ilitokea kwamba vitabu vitano vilikuwa vimenakiliana, na cha kwanza kilikuwa kimekisia. Nilijifunza kusoma askari kutoka kola kwenda chini: kola, ukingo wa mkono, mkanda wa bega, na ndipo kofia. Watu wengi huanza na kofia kwa sababu ndiyo inayopendeza, na ndiyo maana hukosea.

Vitabu vya Kirusi vilikuja baadaye, na mimi sikujua hata herufi moja. Hapo Woodley, nyumba ya pili kutoka kwa shangazi, aliishi injinia mstaafu aliyekuwa amesomea huko Urusi ujanani, enzi zile vijana wetu walipopelekwa kwa ndege na sanduku moja. Alinifundisha herufi Jumapili mchana kwenye veranda yake kwa malipo ya chai na mtu wa kumsikiliza akilalamika juu ya baridi ya miaka hiyo. Sikuwahi kuzungumza Kirusi. Lakini niliweza kusoma maneno ya rangi, nguo, vifungo na mistari, na hayo yalinitosha kwa maisha yote.

Siku nzuri kuliko zote za mwanzo ilikuwa ya kijani. Askari wa miguu wa Urusi walivaa makoti ya kijani kilichoiva, na vitabu vyetu vilikuwa vinagombana: kimoja karibu cheusi, kingine kama majani ya chai, kingine kama kijani cha chupa. Nilikuwa nimekaa nacho wiki mbili. Mzee akanialika kwake Dagoretti, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake, upande ule upepo ukigeuka unajua machinjioni wanafanya kazi. Alikuwa na koti la bendi ya shule lililorudishwa na mteja asiyelipenda, nalo lilikuwa limening'inia nje kwenye kibanda cha ng'ombe miaka mingi, likipata jua na mvua. Mabegani lilikuwa limepauka kama nyasi za Februari. Akachukua wembe akafungua mshono wa ubavuni, na ndani ya mshono kitambaa kilikuwa kijani kibichi, kizito, karibu cheusi.

"Hii ni koti moja," alisema. "Kitabu inakuonyesha ndani ya mshono. Vita ilikuwa huku nje."

Tangu siku hiyo kikosi chochote cha Urusi kinachotoka kwetu kina vijani viwili, kimoja cha gwaride na kimoja cha safari, na mkifungua kabati la tatu mtakuta kile kipande cha mshono nimekigandisha kwenye kadi. Msikitupe. Kimeshinda ubishi na wateja wengi kuliko mimi.

Bendera ndizo zilizouchukua moyo wangu. Katikati duara la rangi ya machungwa, ndani yake tai mweusi mwenye vichwa viwili, kuzunguka duara shada la majani, kisha msalaba mpana unaofika kila ukingo, na pembe za rangi nyingine. Kila kikosi kilikuwa na moja nyeupe na nyingine za rangi. Nilikuwa nawaza sana juu ya watu walioketi mahali baridi wakashona tai mwenye vichwa viwili kwa hariri, wakijua atakwenda kutobolewa, na bado wakamtia kila unyoya. Sisi tulikuwa tukimweka kwenye karatasi yenye ukubwa wa stempu na tulilalamika. Nilikosea pia. Mwaka mmoja nilikipa kikosi kizima mipini ya rangi isiyo yao, na mteja aliandika kurasa tatu. Ukimkosea mtu wa namna hiyo jina lake, atakusahihisha kwa upole. Ukimkosea mpini wa bendera, humwoni tena.

Sasa niwaambie habari ya alama, kwa sababu nyinyi mlizikuta zikiwa hivi zilivyo na mnadhani ziliumbwa hivyo. Tangu zamani, kila aliyemgusa askari alikwaruza alama yake kwa sindano chini ya kitako anachosimamia askari, kabla ya kumpitisha mbele. Kukiwa na sifa au kosa, askari anageuzwa, na mwenyewe anajulikana. Alama ya Nafula, aliyeongoza chumba cha tupa na ambaye mnaye bado, ilikuwa na ni jembe dogo. Watu wa rangi walikuwa na zao. Sisi wa karatasi hatukuwa na alama. Nilipouliza niliambiwa hatumgusi askari, na kusema kweli sikuuliza mara ya pili.

Nafula tulikuwa marika. Alitoka Bungoma, akaishi Kawangware, na mjini tulimwita Mama Sheila kwa jina la binti yake. Mkono wake ulikuwa habari nyingine. Angeweza kupitisha tupa kwenye pua ya askari isiyozidi mbegu ya ufuta na pua ikabaki pua. Lakini tulisalimiana tu. Watu wa karatasi walikunywa chai yao dirishani, watu wa tupa walikunywa yao kwenye ngazi, na hakuna aliyekuwa ameamuru hivyo.

Miaka michache baada ya Mzee Kariuki kurudi shambani kwake na mimi kuachiwa chumba, alituandikia mteja wetu wa siku nyingi, mzee mmoja wa Uskoti. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa amechonga na kumimina mwenyewe kikosi chake cha mwisho, askari arobaini na wanane, na alitaka tukisafishe na kukipaka rangi. Kilikuwa ni kile kikosi cha kofia ndefu zenye bamba la shaba mbele. Vikosi vingine vyote vilikuwa vimepewa kofia mpya, lakini hiki, kwa ushujaa wake, kiliruhusiwa kubaki na zile za zamani, na kikaamriwa kisizibe matundu ya risasi. Walizivaa kwenye gwaride hivyo hivyo, vizazi na vizazi, na nilisoma kwamba majina ya waliozivaa vitani yalichorwa kwenye shaba. Mzee wa Uskoti alikuwa ametoboa kofia hizo moja moja kwa mkono wake unaotetemeka, kila moja mahali pake, nyingine akaziacha nzima.

Nilisoma habari hiyo nikafuta macho. Kisha nikaandika karatasi ya maelekezo iliyokuwa bora kuliko zote nilizowahi kuandika, ukurasa mmoja na nusu, nikieleza kofia na sababu zake, na kwamba matundu yaachwe wazi na ndani yake yaguswe rangi nyeusi. Nikaipeleka kwa watu wa rangi. Karatasi zetu zilikuwa zinakwenda kwa watu wa rangi. Wala haikunijia akilini kwamba kabla ya rangi kuna tupa.

Nafula alipokea sanduku la askari wabovu kuliko wote aliowahi kuona. Matundu kila mahali, na kwenye kofia, mahali pa kwanza jicho linapokwenda. Alikaa nao siku kumi na moja. Watu wa rangi walipopokea kofia laini walidhani zile zenye matundu ziko kwenye sanduku jingine. Nami nikaja na lenzi yangu kukagua. Nikahesabu vichwa vya tai, vilikuwa viwili. Nikaangalia pembe za bendera, kola, kingo za mikono. Nikasema safi. Picha zikatumwa Uskoti, na jibu lilikuja la mstari mmoja: matundu yangu yako wapi?

Bosi alitoka ofisini, akachukua askari mmoja, akamgeuza. Jembe dogo. Akamwita Nafula mbele ya watu wote na kumuuliza kama ni yeye aliyeziba.

"Nimeziba," Nafula alisema. "Si ndio kazi?"

Bosi akamwambia aende nyumbani mpaka aitwe. Wawili kabla yake walikuwa wameambiwa hivyo, na hawakuitwa kamwe. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama nilikuwa nimeandika habari ya matundu. Nikasema ndiyo, nikamwonyesha karatasi. Ilikuwa kweli kabisa. Nafula alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya stuli yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi na sikusema neno. Nimekaa kazini miaka mingi na hakuna siku ninayoionea haya kama hiyo.

Jumamosi nikaenda Dagoretti. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali Mzee, lakini nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia sina kosa. Nilimkuta anakata nyasi za ng'ombe. Nilimsimulia yote, nikimwonea Nafula huruma kwa sauti, na kusisitiza kwamba karatasi ilikuwepo. Aliendelea kukata. Kisha akataka kujua karatasi ilipewa nani. Nikamwambia watu wa rangi.

"Na Nafula?"

"Nafula hasomi karatasi zetu, Mzee."

Akasimama, akaniangalia.

"Hiyo umeona wapi?"

 Sikuwa nimeona mahali popote. Nilikuwa nimefanya kazi na mwanamke huyo zaidi ya miaka kumi, najua kola za vikosi vya watu waliokufa, na sikujua kama anasoma. Mzee alifunga mzigo wake wa nyasi. Alinipa maparachichi kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima tuliongea habari za maziwa.

Jumatatu nikamwambia bosi kwamba kosa ni langu: karatasi sikuipeleka inakopaswa, na ukaguzi niliufanya nikiipenda bendera nikasahau vichwa vilivyo chini yake. Nilitegemea kelele. Alimgeuza askari aliyekuwa mezani, akakitazama kitako muda mrefu, akasema pale chini hakuna alama yangu, angejuaje. Kisha akasema basi, matundu yafunguliwe, na Nafula aambiwe arudi tukishamaliza.

Hatukuweza hata kuanza. Fundi wa rangi mwenye macho makali kuliko wote alichukua keekee ya mkono, yenye ncha nyembamba kama unywele, akauliza atoboe wapi. Tuliweka lenzi. Tuliwapeleka askari dirishani, tukawainamisha, tukawamwagia maji tuone kama mahali pa fila patakauka tofauti. Hapakuwa na kovu wala kivuli. Tulimwandikia mzee wa Uskoti, akajibu kwamba hakuchora ramani ya matundu. Alitoboa alipojisikia, na anamkumbuka mpiga ngoma peke yake. Nilikaa na lenzi jichoni mpaka nikaumwa na shingo, na ndipo nilipoelewa nilikuwa natazama nini. Ilikuwa kazi kamilifu kuliko yoyote iliyowahi kutoka ghorofa ile, na aliyeifanya tulikuwa tumemfukuza kwa ajili yake.

Nilikwenda Kawangware mimi mwenyewe. Nafula alikuwa anaanika nguo, na aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha, nami nimesimama. Nikamwambia nilichofanya na nilichonyamazia. Nikamwambia pia kwamba tumeshindwa kuyaona matundu.

"Hamuwezi," alisema.

Nikamwomba arudi. Akakausha mikono kwenye leso, akanyoosha kiganja.

"Nipe hiyo karatasi kwanza."

Nilikuwa nayo. Alileta miwani kutoka ndani, akaketi kwenye kizingiti, akasoma. Baadaye nilikuja kujua kwamba kabla ya Nairobi alikuwa amefundisha chekechea Bungoma miaka mitatu. Alisoma ukurasa wote na ile nusu, midomo ikisogea kidogo kwenye majina ya Kirusi, kisha akarudi mwanzo akasoma tena. Alipomaliza alivua miwani na hakuniangalia.

"Miaka yote hii naziba tu," alisema. "Sijui hata naziba nani. Ningejua huyu mtu alipigwa risasi hapa kwa kofia na bado akasimama kwa line, unafikiri ningeshika tupa vile niliishika?"

Nikalia pale kizingitini mbele ya watoto wa jirani. Yeye hakulia. Alitaka mambo mawili kabla ya kuvaa viatu. Karatasi zote zianzie chumba cha tupa. Na anayeandika naye aweke alama yake chini, kama watu wengine. Nilisema ndiyo kwa yote mawili bila kumuuliza bosi, na bosi, nilipomfikishia, alisema tu kwamba angeyataka yeye mwenyewe kama angefikiria.

Alirudi siku iliyofuata, akavaa aproni yake, akaomba chumba kitulie. Alishika askari kwa vidole viwili, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya bamba la kofia, macho yamefumbwa nusu. Kisha anasema, "Hapa," na keekee inaingia, na fila inatoka kama unga. Askari baada ya askari. Watu wa rangi waliacha brashi zao wakaja kusimama mlangoni. Mimi nilikuwa naandika. Alifungua matundu thelathini, na kwa kila moja alisema kitu chini chini, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alikuwa anawaambia pole.

Kikosi kilikwenda Uskoti. Baada ya miezi miwili ilikuja bahasha iliyoandikwa jina la Nafula, ya kwanza kuja ghorofa ya nne kwa mtu wa tupa, na niliikabidhi bila kuifungua, ingawa mnanijua. Aliisoma mwenyewe kwenye ngazi, akanipa nisome. Mzee yule alisema alikuwa ametoboa kofia thelathini na moja. Moja haikufunguliwa. Alipowapanga mezani amekumbuka ni askari gani, na kwamba alitoboa juu ya jicho la kushoto, lakini amelitafuta tundu kwa lenzi na haoni mahali. Hataki ifunguliwe. Ndani ya bahasha alikuwa amemfunga askari huyo kwa pamba, akaomba akae na mikono iliyomziba.

Nafula alisema huenda alimsahau mmoja. Tukamwamini, au tulisema tunamwamini.

Tangu kikosi kilichofuata nina alama yangu chini ya kila askari, kola ndogo, mistari miwili inayokutana. Mnaijua. Imenirudia mara nyingi na makosa, na kila iliporudi nilifurahi kidogo, jambo ambalo bosi hajawahi kulielewa. Mzee Kariuki alikufa akiwa amekwisha kuiona. Nilimpelekea askari mmoja Dagoretti, akamgeuza kabla ya kumtazama usoni.

Basi Ijumaa ile, mlipokuwa mnakata keki, mliniona nikiitwa chumba cha tupa na mlango ukafungwa. Mmeniuliza tulikuwa tunafanya nini, na hili ndilo jibu. Nafula alitoa kiberiti kwenye droo yake, na ndani ya kiberiti, kwenye pamba ile ile, alikuwa yule askari. Akaniambia nitafute tundu. Juu ya jicho la kushoto. Nilitoa lenzi yangu, nikaenda dirishani, nikatafuta kwa muda ambao ungetosha kula keki yote. Nina macho ya kulipwa, na nilikuwa nimeambiwa mahali. Sikuliona.

Kisha akamgeuza. Jembe dogo lilikuwepo, na alama ya fundi wa rangi, na kando yake nafasi tupu, maana kikosi hicho kilitoka kabla sijawa na alama. Akanipa sindano.

"Weka yako," alisema. "Huyu ni wetu wawili."

Nikakwaruza kola yangu. Mstari wa pili ukateleza mpaka ukingoni. Nafula akauona, akavuta kopo la fila, akalifungua, akachota kidogo kwenye ncha ya kijiti. Nikamshika mkono, nikamwambia huo auache wazi.